"Si mliwachagua wenyewe?" Kura na ridhaa, njia kwa njia

Maneno hayo husikika mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, kila jambo la serikali linapouma. Nyavu zimekamatwa, tozo imepanda, vibanda vimevunjwa, na mtu aliyeegemea mzani wa dagaa anamtupia mwenzake: "Si mliwachagua wenyewe?" Mwenzake anatazama kidole chake, ukucha bado una wino wa siku ya kura, anakosa la kusema.

Jibu lipo, ila linategemea alichofanya ndani ya kituturi. Aliyempigia mshindi, aliyempigia aliyeshindwa, aliyeharibu karatasi kwa makusudi na aliyebaki nyumbani hawabebi lawama sawa. Tunawalinganisha hapa kwa ajili ya mtu anayejiuliza kabla ya uchaguzi ujao: nikipiga, nitakuwa nimebariki yote yatakayofanywa? Na nisipopiga, nitakuwa nimenawa? Mwishoni tunaongeza kura ya tano, ile ya kunyoosha mkono kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, ambayo wengi hawaiiti kura kabisa.

Ridhaa hupimwaje

Anza na kitu ambacho familia nyingi zinakijua: fomu ya ridhaa kabla ya upasuaji. Fomu ile inataja operesheni gani, anafanyiwa nani, na hatari zake ni zipi. Ukisaini leo utibiwe mguu, daktari hawezi kukufungua tumbo mwaka kesho akasema ulisharidhia. Na hata baada ya kusaini, unaweza kubadili mawazo kabla ya dawa ya usingizi.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inakwenda njia hiyohiyo. Watu wameridhiana pale wanapokubaliana juu ya kitu kilekile kwa maana ileile, na ridhaa ni huru ikiwa haikutokana na kushurutishwa, kurubuniwa, ulaghai, maelezo ya uongo au kukosea. Mwenye mtumbwi na vijana wake wa kazi hawahitaji wakili kulielewa hilo. Kama walipatana mgawo wa sangara, tajiri hawezi kuwakata kwenye dagaa kwa kisingizio cha mapatano yaleyale.

Vipimo basi ni vinne. Jambo lenyewe lilijulikana? Ulikuwa na hiari? Kukataa kwako kungebadilisha chochote? Kuna ushahidi kwamba aliyekubali ni wewe, siyo jirani yako?

Iweke kura kwenye mizani hiyo. Karatasi ya urais ina majina ya mgombea na mgombea mwenza, picha zao na nembo ya chama. Sera haimo hata moja. Hiari ipo nusunusu: hakuna anayekuburuta kituoni, ila utatawaliwa upige usipige. Australia walikwenda mbali zaidi, tangu 1924 asiyepiga kura bila sababu ya maana hutozwa faini, na ni vigumu kumwambia mtu aliyekwenda kituoni akikimbia faini kwamba ameridhia kwa moyo wake. Kuhusu ushahidi, kura ni ya siri. Mwanasheria wa Marekani, Lysander Spooner, alilishikilia hilo mwaka 1870: kama kura ni ya siri, mtawala hawezi kumwonyesha mtu hata mmoja akasema "huyu ndiye aliyenituma." Aliongeza kwamba mtu aliyejikuta ndani ya mfumo ambao hakuuomba anaweza kuitumia kura kujikinga tu, kama anayeokota silaha vitani, na kuokota silaha hakumaanishi alivitaka vita.

Spooner alitoka hapo akafika mbali kuliko tunavyoweza kumfuata, akaona serikali nzima haina msingi. Hatuhitaji kufika huko. Inatosha kukubali kwamba kwa vipimo vyote vinne kura ya uchaguzi mkuu ni ridhaa dhaifu mno. Ukitaka kuijua ni kitu gani hasa, itazame ndondo, yale mashindano ya soka ya mtaani. Timu inayoingia ndondo imekubali filimbi, dakika tisini na kombe kwenda kwa mshindi. Haikukubali kila penalti. Na ikigundulika refa alilala nyumbani kwa kocha wa timu pinzani, hata hicho ilichokubali mwanzo kinalegea.

Katiba yenyewe inaelekea huko. Ibara ya 8 inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na papo hapo inasema Serikali itawajibika kwa wananchi. Kama kupiga kura kungekuwa kuridhia kila kitu kwa miaka mitano, maneno hayo ya pili yangekuwa ya bure. Huwezi kumwajibisha mtu kwa jambo ulilokwisha kumbariki.

Kabla ya kuingia kwa undani, huu hapa mtazamo wa haraka:

| Ulichofanya | Umekubali nini | Lawama inayoweza kukufuata | Kosa la kawaida |
|---|---|---|---|
| Kumpigia aliyeshinda | Mtu huyo ashike kiti, na yale uliyoyajua juu yake | Kwa yaliyojulikana kabla | Kudhani umesaini na yasiyojulikana |
| Kumpigia aliyeshindwa | Utaratibu wa kumpata mshindi, pale ulipo wa haki | Ndogo sana | Kusema "hawanihusu" |
| Kuharibu kura | Karibu hakuna | Karibu hakuna | Kudhani ujumbe umefika |
| Kubaki nyumbani | Inategemea sababu | Inategemea sababu | Kudhani mikono imekuwa misafi |

Kumpigia aliyeshinda

Hapa ndipo lawama ya mwaloni inapopata mshiko, kwa hiyo tukae kidogo.

Aliyempigia mshindi ametoa idhini ya kukalia kiti. Idhini hiyo inakwenda na mambo aliyoyajua au ambayo angeyajua kwa gharama ndogo: ilani ya chama, rekodi ya mgombea, maneno yake jukwaani. Chukua mfano ulio wazi kabisa. Machi 2021 Rais Magufuli alifariki na Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan, akaapishwa kumalizia kipindi, kama Ibara ya 37 inavyotaka. Aliyempigia Magufuli Oktoba 2020 hawezi kusema hilo halikuwa lake. Picha ya mgombea mwenza ilikuwa kwenye karatasi, kando ya picha aliyoiwekea vema.

Sasa nenda miezi minne mbele. Tarehe 15 Julai 2021 tozo ya miamala ya simu ilianza, kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi kinachotumwa au kutolewa. Kelele zikawa nyingi, serikali ikaipunguza kwa asilimia 30 kabla mwaka haujaisha, na baadaye ikapunguza zaidi na kufuta baadhi. Nani aliridhia tozo hiyo? Mama lishe wa Igogo aliyepiga kura Oktoba 2020 hakuulizwa juu yake, na hakuna njia ambayo angeijua. Walioridhia wapo na wana majina. Kura ya bajeti bungeni hupigwa kwa kuita jina la mbunge mmoja mmoja, naye anajibu kwa sauti. Jambo limetajwa, mhusika anajulikana, jibu limeandikwa. Hiyo ndiyo ridhaa, na lawama ya tozo ina anwani yake pale. Kumhamishia mama lishe ni kumwonea.

Katikati ya mifano hiyo miwili kuna Operesheni Sangara ya 2018. Nyavu haramu zilikusanywa kwenye mialo na kuchomwa moto, faini zikatozwa, na wavuvi wengi walilalamikia namna ilivyofanywa. Aliyepiga kura 2015 aliridhia? Gawanya swali mara mbili. Kanuni zilikuwapo: Sheria ya Uvuvi ni ya 2003 na kanuni zake za 2009, na kila mvuvi wa ziwa anajua kwamba sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi na kwamba kokoro limepigwa marufuku. Kwa upande huo mpiga kura alijua serikali yoyote itakayoingia itakuta sheria hiyo mezani. Namna ya kuitekeleza ni jambo lingine: nani anakaguliwa, anasikilizwaje, nyavu zinachomwa kabla au baada ya kesi. Hayo hayakuwa kwenye karatasi ya mtu yeyote. Mvuvi anaweza kuiunga mkono sheria ya kulinda mazalia ya samaki, akawa alimpigia mshindi, na bado akalalamika kwa haki kabisa kuhusu utekelezaji. Hakuna ukinzani hapo.

Kipimo cha kutumia mwenyewe ni maswali matatu, yaulize kwa mfuatano huu. Jambo hili nililijua siku ile? Kama sikulijua, ningeweza kulijua kwa kusikiliza mkutano mmoja au kusoma ilani? Na nilipolijua, nilimpigia kwa sababu yake, au licha yake? Ukijibu "nililijua, na ndilo lililonivuta", lawama ni yako, ibebe. Ukijibu "nililijua, ila mwingine alikuwa mbaya zaidi", una sehemu ndogo, na unadaiwa kusema wazi kwamba lile hukulitaka. Ukijibu "sikulijua wala nisingeweza", huna deni la zamani. Lako linaanza siku ulipolijua, na linalipwa kwa unachofanya kuanzia hapo.

Jambo moja huharibu hesabu hiyo yote: kuuza kura. Aliyechukua kitenge na elfu tano hakumpima mgombea kwa chochote, kwa hiyo hawezi kujificha nyuma ya "sikujua". Zamani sheria iliruhusu takrima, eti ni ukarimu wa Kiafrika. Mahakama Kuu iliifuta mwaka 2006. Takrima haiongezi ridhaa hata chembe, inaongeza lawama tu.

Kumpigia aliyeshindwa

Watu husema aliyeshindwa hana deni lolote. Wengine husema ana deni lilelile, kwa sababu kuingia mchezoni ni kukubali matokeo. Wote wawili wanarahisisha.

Kwanza, "aliyeshindwa" ni nani? Mpiga kura wa Mwanza anapewa karatasi tatu: rais, mbunge, diwani. Mwaka 2010 Nyamagana ilimchagua Ezekia Wenje wa Chadema dhidi ya Lawrence Masha, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na Ilemela nayo ikaenda Chadema, huku urais ukibaki CCM. Maelfu ya watu walitoka kituoni siku ile wakiwa wameshinda na kushindwa kwa pamoja. Ukimuuliza mmoja wao "uliichagua serikali hii?" atauliza serikali ipi: ya Dodoma, ya jimbo au ya kata?

Pili, kukubali utaratibu hutegemea kama utaratibu wenyewe unakubalika, na kushiriki hakuthibitishi kwamba unaukubali. Ushahidi mzuri upo kwenye historia yetu. Uchaguzi wa 1958 na 1959 Waingereza waliuendesha kwa kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, viti vikiwa sawa ingawa Waafrika walikuwa karibu watu wote wa nchi. Tena si kila mtu aliruhusiwa kupiga, palikuwa na masharti ya kipato na elimu. Januari 1958 TANU ilikutana Tabora kuamua igome au iingie. Nyerere akawashawishi waingie, uamuzi ukaitwa Uamuzi wa Busara, na Zuberi Mtemvu akajitoa kwa hasira akaanzisha chama chake. TANU iliingia ikashinda, na baada ya hapo mfumo ule haukudumu.

Waliopiga kura tatu waliridhia ubaguzi ule? Hapana, walipiga ili kuuondoa. Na mwaka huohuo wa 1958 watu wa Geita walikuwa wanalikataa baraza la mseto wa rangi walilowekewa, kwa miguu. Waliandamana hadi Mwanza mjini kumfikia mkubwa wa jimbo, wakatawanywa kwa nguvu, lakini baraza lile halikusimama tena. Njia mbili, moja kituoni na nyingine barabarani, na kukataa kulekule.

Kwa hiyo aliyempigia aliyeshindwa amekubali kitu kimoja: kwamba mshindi apatikane kwa kuhesabu kura. Akubali pia kumwita mshindi huyo rais wake, mbunge wake, diwani wake, aende ofisini kwake na kumdai huduma. Lakini hilo nalo lina sharti lake, kwamba hesabu ichunguzike. Ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia mahakama kuchunguza uchaguzi wa rais akishatangazwa, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua Julai 2020 kwamba zuio hilo linakiuka Mkataba wa Afrika. Aliyeshindwa ubunge ana mahakama ya kwenda. Aliyeshindwa urais hana. Huwezi kudai ridhaa ya uzito uleule kwenye karatasi hizo mbili.

Kuharibu kura kwa makusudi

Hapa tunapita haraka, maana ni njia inayosemwa sana kuliko inavyofanya kazi.

Karatasi huhesabiwa kuwa imeharibika ikiwa haina alama yoyote, ina alama kwa wagombea zaidi ya mmoja, haionyeshi wazi umemchagua nani, au ina maandishi yanayokutambulisha. Ukiandika tusi refu, msimamizi wa kituo na mawakala wa vyama watalisoma, watacheka au watanuna, kisha wataiweka kwenye fungu moja na karatasi ya bibi aliyekosea kwa sababu ya macho. Mwaka 2020 kura za urais zilizoharibika zilikuwa 261,755. Ngapi zilikuwa za hasira na ngapi za bahati mbaya? Fomu ya matokeo haina safu ya hasira.

India waliliona tatizo hilo. Kwa amri ya Mahakama ya Juu yao ya 2013, kila mpiga kura ana kitufe cha "hakuna kati ya hawa", na idadi yake hutangazwa peke yake. Kwetu hakuna, ingawa enzi za chama kimoja kulikuwa na kitu kinachokaribia: urais ulipigiwa Ndiyo au Hapana. Ubunge wa 1965 ulikuwa na wagombea wawili wa TANU karibu kila jimbo, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine ya nyumba. Hapana ya wakati ule angalau ilihesabiwa kama Hapana.

Faida ya kuharibu ni kwamba umekataa kumpa yeyote idhini na hakuna anayeweza kusema ulilala. Hasara ni kwamba hakuna anayekusikia. Ukiamua njia hii, iharibu ile unayoitaka tu. Wengi huchora msalaba kwenye zote tatu kwa hasira ya urais, kumbe diwani waliyemtaka kata yao amepungukiwa kura chache. Na kama umeikosea kwa bahati mbaya, usiitumbukize. Irudishe kwa msimamizi wa kituo, ataifuta na kukupa nyingine.

Kubaki nyumbani

Hoja ya wanaobaki ni fupi: sikuwachagua, hawana idhini yangu. Inasikika safi hadi uifuate hadi mwisho.

Mwaka 1689 Mwingereza John Locke alidai kwamba hata asiyesema lolote ameridhia kimyakimya, kwa kukaa tu kwenye nchi na kupita kwenye barabara zake. Kwa Locke, hata anayelala usiku mmoja wa safari nyumba ya wageni ya Nyegezi amekwisha kuridhia. Miaka sitini hivi baadaye, 1748, Mskoti David Hume akamjibu kwa mfano ambao mtu wa ziwa anauelewa kuliko wao: ni sawa na kusema aliyebebwa akiwa usingizini hadi melini ameukubali utawala wa nahodha, kwa kuwa yuko huru kuruka majini afe. Mpandishe mtu meli ya Nansio hivyohivyo, aamke Ukerewe haijaonekana bado, kisha mwambie: kama hutaki, shuka.

Hume alikuwa sahihi, lakini angalia anachothibitisha. Anathibitisha kwamba kimya si ridhaa. Hathibitishi kwamba kimya ni kupinga. Aliyebaki nyumbani bado analipa kodi kwenye sukari na mafuta ya taa, bado anafuata sheria, na kiti bado kinajazwa. Alichopunguza ni sauti moja kwenye kumchagua anayekikalia.

Kugoma kwa pamoja ni jambo jingine na lina kumbukumbu zake. Zanzibar, Oktoba 2015, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi alifuta uchaguzi. Ukarudiwa 20 Machi 2016, CUF, chama kikuu cha upinzani visiwani, ikagoma, Dk. Shein wa CCM akatangazwa kwa zaidi ya asilimia 91, na CUF ikajikuta nje ya Baraza la Wawakilishi kwa miaka minne na ushee. Idhini hawakutoa, na viti hawakupata. Mtu anaweza kuona hiyo ni bei halali ya kutoukubali mchezo. Asiseme tu kwamba haikuwa na bei.

Kisha kuna 2025. Chadema ilitaka mageuzi kwanza, haikusaini kanuni za maadili ya uchaguzi Aprili mwaka huo, ikatangazwa kutoshiriki. Tarehe 29 Oktoba kulikuwa na maandamano, watu walipoteza maisha, intaneti ikazimwa, na Tume ikatangaza mshindi kwa asilimia 97.66. Tutalitumia hilo kwa hoja moja tu, ya hesabu.

Kama kura ni ridhaa, ihesabu basi dhidi ya waliojiandikisha wote. Mwaka 2010 Kikwete alipata kura milioni 5.28 kati ya waliojiandikisha milioni 20.1, yaani 26 kwa kila mia. Mwaka 2015 Magufuli alipata milioni 8.88 kati ya milioni 23.2, yaani 38. Mwaka 2020 alipata milioni 12.5 kati ya milioni 29.75, yaani 42. Kwa kipimo hicho hakuna mwaka kati ya hiyo mitatu ambao nusu ya wapiga kura iliridhia. Halafu kwa takwimu zilizotangazwa 2025 kiwango hicho kinaruka zaidi ya 80, mwaka ambao chama kikuu cha upinzani hakikuwamo kwenye karatasi na watu walikuwa barabarani. Kipimo kinachotoa majibu ya namna hiyo kina kasoro chenyewe. Idadi ya kura inaeleza nani kakaa kwenye kiti. Haielezi watu wamekubali nini.

Ukibaki nyumbani basi, jiulize kwa nini. Anayebaki kwa sababu mvua ilinyesha Buhongwa amepunguza sauti yake bure. Anayebaki kwa sababu haoni utaratibu wa haki ana msimamo, na msimamo huo unahitaji kusemwa mahali fulani, maana kimya chake kinafanana kabisa na cha yule wa mvua.

Kura ya mkono, ile inayofunga kweli

Huko kote juu ridhaa imekuwa hafifu. Hapa ni kinyume chake, na ndipo watu wanapotembea bila tahadhari.

Mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, na unapaswa kufanyika angalau kila miezi mitatu. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila mkutano huo kuidhinisha. Tuseme kijiji cha ufukweni Sengerema au Misungwi, mwekezaji wa vizimba vya sato anataka ekari kadhaa kando ya maji. Ajenda imetajwa, eneo linajulikana, mkono wako unaonekana, na muhtasari unaandikwa. Vipimo vitatu kati ya vinne vimetimia kwa mpigo. Anayenyoosha mkono pale ameridhia kuliko alivyowahi kuridhia kwenye uchaguzi mkuu wowote.

Kinacholegea ni hiari. Kukataa mbele ya majirani si kazi ndogo. Enzi za Sungusungu wa Usukuma, miaka ya 1980, aliyekaidi uamuzi wa kijiji alitengwa, hapewi moto wala maji. Siku hizi hakuna anayetengwa hivyo, lakini mwenyekiti akisema "wanaopinga maendeleo wanyooshe mikono", mikono haionekani.

Mambo yanayoharibika hapa ni yaleyale kila mara. La kwanza ni ajenda ya "mengineyo": ardhi au mchango wa darasa unapenyezwa saa kumi na moja jioni, watu wakiwa wamebaki robo. La pili ni akidi, idadi ya chini ya watu wanaotakiwa kuwapo, kutohesabiwa. La tatu, na ndilo baya kuliko yote, ni karatasi ya mahudhurio. Unasaini mlangoni kuonyesha umefika. Wiki mbili baadaye karatasi hiyohiyo imebanwa nyuma ya muhtasari unaosema "wajumbe wote waliridhia", na saini yako ipo, namba 47, kwa kalamu ya bluu. Hapo ndipo mtu anapobebeshwa ridhaa ambayo hakuitoa, na kuifuta kunaweza kuchukua miaka kwenye baraza la ardhi.

Kinga yake ni ya dakika tano. Ukifika, angalia juu ya karatasi: kama haina kichwa cha habari, tarehe na neno "mahudhurio", yaandike mwenyewe kabla ya kusaini. Ajenda ikifikishwa kwenye uamuzi, omba mikono ihesabiwe pande zote mbili na namba zitamkwe. Ukipinga, simama useme jina lako na sababu kwa sentensi moja, kisha mwambie mtendaji, ambaye ndiye katibu, aiandike kwenye muhtasari. Mkutano unaofuata hufunguliwa kwa kusoma na kuthibitisha muhtasari uliopita, usiukose huo, maana ndiyo nafasi ya mwisho ya kurekebisha maneno kabla hayajawa kumbukumbu rasmi. Na kama umeondoka kabla ya uamuzi, rudi kwenye karatasi, mbele ya jina lako andika saa uliyotoka, halafu ipige picha.